Dobi wa Mzee Mizani

Mzee Mizani alikula kiapo kwamba hafi mpaka amalize riwaya kumi za kale. Si riwaya hizi za kusoma huku unangoja chai ipoe, la. Zile nene, zilizofasiriwa zamani kwa Kiswahili cha watu waliovaa tai, ambazo ukimwangushia mtu kidoleni lazima atafutiwe bandeji. Alizinunua mojamoja enzi za kazi yake, akazipanga rafu ya juu sebuleni, akawa anazipangusa vumbi kila Ijumaa, na mtu akimuuliza amesoma ngapi, anajibu, "Nikistaafu." Akastaafu. Hata mwaka haujaisha, mtoto wa jicho akaingia macho yote mawili, na rafu nzima ikageuka ukungu.

Kazi yake ilikuwa kukagua mizani. Miaka nenda miaka rudi aliingia duka hili akatokea lile na mkoba wa mawe ya kupimia, na mwenye duka aliyezoea kupunja wateja akimwona tu kwenye kona alianza kutokwa jasho. Ndipo watu wakamwita Mzee Mizani. Walimwita na mengine pia, lakini hayo tuyaache, mzee mwenyewe bado yuko hai. Hakuna kilichomchoma roho kama kupunjwa. Ukimwambia nyama hii ni karibu kilo, anakuuliza, karibu kwa upande gani?

Sasa mzee haoni, na riwaya kumi zinamngoja. Nani atamsomea? Ana watoto wawili. Wa kwanza ni Katibu, mwana wa kiume, msomi, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya cheo chake ofisini na pia kwa sababu hasemi neno bila kwanza kurekebisha tai. Wa pili ni binti, msusi mwenye saluni yake, ambaye tangu utotoni anaitwa Chapu kwa kuwa kila kitu alikifanya chapuchapu, hata kuzaliwa. Mkunga alipofika alimkuta mtoto keshatangulia. Mzee alimchagua Katibu. Hilo halikuhitaji kikao.

Katibu alikuja jioni moja, akaketi, akakohoa, akaanza kusoma kwa sauti ileile anayosomea kumbukumbu za mkutano. Ukurasa wa pili hakuufikisha mwisho. Mzee alingoja, akangoja, akadhani mwanawe ameguswa na maneno mazito ya mwandishi, kumbe mwanawe anakoroma. Kesho yake Katibu akapiga simu kusema kazi zimembana.

"Haya, njoo wewe basi," mzee akamwambia Chapu, kama mtu anayevuta kigoda kwa kuwa viti vimekwisha.

Ikumbukwe kwamba Chapu alipoacha shule akaenda kujifunza ususi, baba yake alimwambia mbele ya wageni, "Umeona bora ushike vichwa vya watu kuliko kutumia chako." Wageni wakacheka. Maneno hayo yalikuwa ya zamani sana, ila kwa Chapu yalikuwa ya jana, yamemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Tangu mama yao afariki ni yeye aliyempikia mzee, akamfulia, akamnyoa ndevu. Kuketi naye wakaongea, thubutu! Mzee alisema, "Asante, weka hapo," naye akaweka hapo.

Riwaya ya kwanza ilianza na kilima. Kilima! Kurasa na kurasa za kilima, nyasi za kilima, ukungu wa kilima, na hata mbuzi hajapita. Chapu alikuwa amesimama tangu asubuhi akisuka, nyayo zinawaka moto, na kwake mume na watoto wanamngoja. Akakivumilia kilima mpaka uvumilivu ukamwambia kwaheri. Akamtupia mzee jicho. Mzee amefumba macho, mikono juu ya tumbo. Chapu akalamba kidole, akafunua kurasa nyingi kwa mpigo, akamkuta mtu anagombana na kaka yake kuhusu urithi, akaanzia papo hapo.

"Enhe!" mzee akasema, akajiweka sawa kwenye kochi. "Sasa ndiyo anaanza kuongea."

Ikawa ndiyo desturi. Kila wakimaliza, mzee anauliza wamefika ukurasa gani, Chapu anataja, mzee anaguna kwa kuridhika. "Mwandishi huyu ana mwendo," alisema mara moja. Masikini mwandishi, mwendo haukuwa wake. Chapu aliruka hali ya hewa. Aliruka mahubiri. Aliruka nasaba za majenerali, fulani bin fulani mpaka kwa babu aliyepanda farasi wa kijivu. Ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, mzee akawa anakunja vidole na kutangaza kwa jirani kwamba kiapo chake kinakwenda vizuri.

Ila kuruka kuna adhabu yake. Ukiruka, unatua mahali usipopajua. Kwenye riwaya ya tatu Chapu alitua katikati ya ugomvi mkali kuhusu farasi.

"Farasi gani?" mzee akafungua macho, ingawa hayakuwa na faida. "Huyo farasi katokea wapi?"

Chapu akatazama ukurasa. Ukurasa haukumwambia kitu. Na hapa ndipo ususi ulipomsaidia, kwa sababu msusi haweki nywele za bandia kichwani kama kofia. Anasuka kwanza nywele za mwenyewe, anazilaza, anashonea za bandia pole pole, halafu anachukua nywele halisi za mbele anafunika maungio, na mteja akitoka pale hata mumewe hajui zipi za kuzaliwa na zipi za dukani. Chapu alichukua sentensi moja ya mwandishi, akashonea farasi aliyeibwa kwa mjomba usiku wa harusi, akashonea na mjomba mwenyewe aliyekuwa na mguu mmoja mfupi na domo refu, akafunika na sentensi nyingine ya mwandishi. Akangoja radi.

Mzee Mizani akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akaomba maji. Chapu hakuwa amemsikia baba yake akicheka tangu msiba wa mama. "Mjomba huyo!" mzee akasema akijipangusa machozi. "Namjua kabisa. Alikuwa na duka la nafaka."

Basi tena. Ukimwonjesha mtu asali usimlaumu akitafuta mzinga. Chapu alianza na kuziba mashimo tu, halafu akawa anashonea hata pasipo shimo, na alipofika riwaya ya sita, ile ya mwenye kinu, alikuwa hashikiki.

Riwaya ya mwenye kinu ilihusu tajiri mmoja wa nchi ya theluji mwenye kinu cha kusaga ngano na mabinti watatu. Binti wa kati anampenda askari. Askari anakwenda vitani. Mpaka hapo mambo ni mazuri. Lakini Chapu, ambaye sasa alikuwa na tabia ya kuondoka na kitabu akachungulie mbele saluni kabla ya kurudi nacho kwa mzee, aliona yanayokuja: binti anamngoja askari barabarani kwenye theluji, anakohoa, anakohoa zaidi, anakufa. Halafu mwandishi, bila haya wala soni, anarudi kuelezea ngano.

"Yaani anakufa?" aliuliza Mama Pacha, mteja wake wa siku nyingi, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama. Mama Pacha na wenzake walikuwa wakihadithiwa kila riwaya, na walikuwa na maoni kuliko wabunge.

"Anakufa kwa kikohozi."

"Kwa ajili ya mwanamume aliyekwenda zake? Ebo! Nyumba tajiri ile haina hata mtu wa kumvika sweta? Hebu mtafutie mwanamume mwingine, wewe mwenye kitabu."

"Nimtoe wapi? Kwenye theluji huko?"

"Kwani nguo zao wanafuliwa na nani?"

Hivyo ndivyo dobi alivyoingia katika fasihi ya dunia. Jioni hiyo Chapu alisoma jinsi shati la askari lilivyopelekwa kufuliwa, hilo mwandishi aliliandika kweli, mstari mmoja mkavu, na kwenye mstari huo Chapu akamshonea dobi mzima mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Dobi alijua siri zote za nyumba ya mwenye kinu kutokana na nguo. Kola zilimwambia bwana amelala wapi. Leso za binti wa kati zilimfikia zimekauka kwa chumvi, akajua analia, akawa anazipiga pasi polepole kuliko nguo nyingine. Na hakuwahi kumpunja mtu sabuni, wala kurudisha shati lenye vifungo pungufu. Kifungo kikipotea, alikitafuta kwenye maji machafu kwa mikono yake mpaka kipatikane. Ukali huo wa vifungo Chapu aliutoa wapi, hakujiuliza.

Mzee akaacha kufumba macho. "Huyu ndiye mtu," alisema. "Umeona? Anatafuta kifungo kimoja! Huyu tungempa mkoba wa mawe, angeisafisha nchi."

"Ni dobi tu, baba."

"Dobi tu! Dobi tu, wewe unajua nini? Soma."

Kuanzia hapo mwenye kinu akasahaulika na kinu chake. Mzee alikuwa akimngoja Chapu mlangoni. Hata chakula hakukitaka kwanza. "Alithubutu kumsemesha?" anauliza kabla mtoto wa watu hajavua viatu. Jioni nyingine Chapu hakufunua hata ukurasa. Alishika kitabu wazi palepale, macho yake dirishani, akawa anasoma huko huko nje. Na kule saluni wateja walikuja hata wasio na nywele za kusuka, wakabishana kama dobi amfuate binti waziwazi au asubiri theluji iyeyuke. Mama Pacha alisema dobi anachelewa, wanaume wa kimya kimya wanaishia kualikwa harusini.

Siku moja Chapu alikuwa jikoni akasikia mzee anaongea na simu. "Dada yako anasoma, wewe," mzee alimwambia Katibu. "Ana kichwa. Nasikia maneno kama naona watu. Wewe ulinikoromea. Hapana, usije, tuko katikati." Chapu alisimama na sufuria mkononi, akalia. Ndiyo, alilia, mwanamke mzima na watoto wake, akajipangusa kwa mkono wenye sabuni, macho yakamwasha, akalia zaidi. Ana kichwa. Baba yake alikuwa amesema ana kichwa. Na hapo hapo akakumbuka mzee anasifia kitu ambacho hakimo.

Dobi alifikia mahali pazuri sana. Binti wa kati alikuwa amerudishiwa leso zake zote, na kwenye kona ya moja hamna chumvi bali ua dogo lililodariziwa, kazi ya mikono ile mikubwa. Dobi akavaa shati lililotiwa wanga likasimama lenyewe, akaenda nyumba ya mwenye kinu kumposa. Akagonga. Mlango ukafunguliwa na mwenye kinu mwenyewe.

Simu ikalia. Hospitali. Nafasi ya upasuaji wa macho imepatikana, mzee alale huko, asile kitu asubuhi.

"Mwambie daktari angoje," mzee akasema. "Kuna mtu mlangoni." Lakini Katibu alikwisha fika na gari, keshapanga kila kitu, na mzee akaenda akigeuka nyuma.

Wote mlioomba baba apone mtamwelewa Chapu: aliomba apone, aliomba kwa moyo wake wote, na alipoambiwa upasuaji umekwenda vizuri alipiga vigelegele katikati ya saluni. Halafu akakaa kwenye kiti cha wateja kama aliyepigwa na kirungu. Mzee anaona. Mzee anayeona atataka kusoma. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake ilikuwa inatoka wodini mpaka rafu ya juu.

"Si umweleze tu?" Mama Pacha akasema.

"Nimweleze nini? Baba, zile tano ulizokunjia vidole hukusomewa, na ya sita nimekutungia? Mtu aliyefunga maduka kwa ajili ya sukari ya kijiko? Atanitoa kwenye kile kiti cha kumsomea, Mama Pacha, nirudi kwenye 'asante, weka hapo.' Siwezi. Bora kufa."

Basi akafanya jambo la kijinga, na alilifanya chapuchapu. Kabla mzee hajarudi alikwenda kwake, akapanda kiti, akaishusha riwaya ya mwenye kinu, akaitia kwenye mkoba wa nywele za bandia, akaondoka nayo. Zile tano hazikumtisha. Mzee alikwisha zikunjia vidole, na mzee hapimi kitu mara mbili kikishapita. Iliyomtisha ni hii moja ambayo haijaisha.

Mzee akarudi na miwani myeusi. Alipoivua alimtazama Chapu. "Umekuwa mtu mzima," akasema, kana kwamba jambo hilo limetokea wiki ile. Halafu akanyoosha shingo kutazama rafu, mara moja, kutoka kushoto kwenda kulia, akaona pengo. Macho yale yaliona mawe yaliyokwanguliwa kwa tupa, yataacha kuona pengo la kitabu?

"Kitabu kiko wapi?"

"Kipi, baba?" Lo, Chapu!

"Cha dobi."

"Labda... labda kilibebwa na nguo."

Mzee akampigia simu Katibu. Na Katibu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kufanya jambo haraka, siku hiyo alilifanya. Kesho yake alileta nakala mpya ya riwaya ya mwenye kinu, maandishi makubwa kama ya bango, jalada gumu, imefungwa utepe. "Kwa ajili ya macho yako, baba," akasema akirekebisha tai. Chapu alimtazama kaka yake kwa jicho ambalo kama lingekuwa moto tai ile ingekuwa majivu.

Mzee akajifungia. Chapu akileta chakula anakuta mlango umeegeshwa na sauti inamwambia weka hapo. Hata ile asante haikuwepo. Kupitia mwanya alimwona ameinama, kioo cha kukuzia mkononi, anafunua, anarudi nyuma, anafunua tena, kidole kinatembea mstari kwa mstari. Saluni wateja waliuliza dobi amepokelewaje, Chapu akawaambia leo hana hadithi, mwenye kutaka kusukwa akae, asiyetaka apishe mlango. Alimsuka Mama Pacha vibaya, mistari ikaenda upogo, na Mama Pacha, Mungu ambariki, akalipa akaondoka bila neno.

Wiki zikapita hivyo, na Jumapili moja wakaitwa wote wawili. Mzee alikuwa amekaa kwenye kochi, miwani puani, na juu ya meza zimepangwa riwaya sita, ile ya mwenye kinu juu. Chapu akazihesabu kwa macho. Zote sita. Alikuwa amezipitia zote. Mzee alipima mara mbili, mara hii alipima.

"Kaa," mzee akamwambia Katibu. Chapu hakuambiwa, akabaki wima na mkoba wake begani.

"Kitabu cha kwanza," mzee akaanza, sauti ya kazini kabisa, ile iliyofunga maduka. "Kuna kilima. Kilima kirefu. Mimi nilipewa kipande. Cha pili, kuna padri, amehubiri sura nzima. Sikumsikia huyo padri. Cha tatu hakina mjomba mwenye mguu mfupi. Nimetafuta. Umenipunja, binti. Mimi baba yako. Kipofu amekaa hapa, anaamini mzani ulioko mkononi mwako, nawe umekandamiza sahani kwa kidole."

"Baba," Katibu akaingilia, amefurahi kupita kiasi, "mimi ningekusomea neno kwa neno, ila kazi—"

"Wewe ulikoroma. Nyamaza."

Katibu akarekebisha tai.

"Nilitangaza kwa watu," mzee akaendelea, na sasa sauti ilikuwa ikitetemeka, naye hakuificha. "Nilimwambia jirani nimemaliza tano. Nimekuwa mwongo mbele ya jirani, uzee huu. Nimevikunjua vidole vyote. Naanza upya, kuanzia kilima."

Chapu angeweza kusema alichoka, angeweza kusema watoto walikuwa wanamngoja, na yote yangekuwa kweli. Badala yake likatoka lile lililokaa chini kabisa.

"Nilitaka uendelee kuniita," akasema. "Mwanzo niliruka niwahi nyumbani, hilo kweli, nihukumu. Lakini baadaye sikuwa nawahi kokote. Ulikuwa unacheka, baba. Ulikuwa unaningoja mlangoni. Tangu nizaliwe hukuwahi kuningoja mlangoni. Ningekusomea ngano ile ya mwandishi, ungelala, ungesema asante weka hapo. Nikaona nikuwekee kingine. Sikujua kingine cha kukupa, sina shahada mimi, nina vichwa vya watu tu na wanayosema. Nisamehe. Vitabu vyako sitavigusa tena."

Akatoa kile cha wizi kwenye mkoba, kina nywele mbili tatu za bandia zimenasa kwenye jalada, akakiweka mezani juu ya vingine. Akageuka. Katibu alitazama viatu vyake. Chapu alifika mlangoni, akashika kitasa.

"Huyu mwandishi amemuua yule binti," mzee akasema nyuma yake.

Chapu hakugeuka. "Ndiyo, baba. Kwa kikohozi."

"Najua kwa kikohozi, nimesoma, nina macho. Ngano kurasa ngapi, na mtoto wa watu anakufa kwa mistari minne." Kochi likalia, mzee anajisogeza. "Nimesoma mpaka jalada la nyuma. Nikarudi mwanzo. Nikasoma hata pale wanapoandika nani kapiga chapa. Dobi hayumo."

"Hayumo, baba."

"Sasa nifanye nini mimi?" mzee akafoka, na ghadhabu yake yote ikamwishia hapo hapo. "Yule mtu amesimama mlangoni tangu nilipopelekwa hospitali. Shati lake lina wanga. Kwenye kitabu hiki siwezi kumpata, na kile nilichokuwa nasomewa hakiuzwi popote. Mwenye kinu amefungua mlango. Amempa binti au amemnyima?"

Chapu akageuka. Alitazama uso wa baba yake, akataka kumjibu haraka kama kawaida yake, ila hakuwa amelifikiria. Siku zote alishona na kusonga mbele, na pale mlangoni alisimamishwa na simu kabla hajajua mwenyewe.

"Sijui, baba," akasema. "Kusema kweli sijafika hapo."

Mzee Mizani akazisukuma riwaya zote pembeni kwa mkono mmoja, mbili zikaanguka, hakuziokota. Akamwambia Katibu ahamie kigodani. Halafu akavua miwani, akafumba macho, akaweka mikono juu ya tumbo.

"Basi kaa," akasema. "Kaa ufike."